Ushanga Usifike Chini Kabla ya Amina

Jumatatu, 5 Julai 1954

Daftari jipya, maisha mapya. Mimi Lerionka, fundi msaidizi wa gereji hapa Arusha mjini, umri miaka ishirini na saba, naoa! Mzee Loishiye wa Sakina amekubali jana baada ya ibada nimchukue binti yake Anyesi. Mambo ya ng'ombe tumeshayamaliza. Limebaki moja tu: debe la asali, lijae mpaka mdomoni, nilifikishe kwake Jumapili ya tarehe kumi na nane. Zamani asali ya posa ilikuwa ya kupikia pombe ya wazee. Ukoo ule sasa wote ni Walutheri, pombe wameiacha tangu siku ya ubatizo. Asali hawajaiacha.

Debe ninalo! Mjomba wangu wa Kisongo alinipa mwezi uliopita, limejaa pomoni, asali nzito ya maua ya migunga. Leo nimelifungua ili nifurahi nalo kidogo. Nikachomeka kijiti. Theluthi nzima haipo.

Nimewaza sana ni nani mwizi. Chumba changu cha Kaloleni kina kufuli. Ufunguo ninao mimi. Ndipo nikakumbuka mkate. Kila jioni kipande cha mkate na kijiko cha asali, kisha kijiko cha pili cha kuhakikisha kile cha kwanza, kisha mkate mwingine kwa sababu kijiko kimebaki na asali. Siku thelathini. Mwizi amepatikana. Nimemsamehe.

Mpango ulinijia nikiwa bado nimeshika kijiti. Maji, sukari, moto. Chemsha mpaka iwe shira, acha ipoe, mimina debeni, koroga. Nimefanya. Debe limejaa! Rangi ni ile ile. Utamu umezidi hata ule wa nyuki. Nimecheza peke yangu chumbani mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumatano, 7 Julai

Nimetoka kazini moja kwa moja mpaka Sakina. Nilimkuta Anyesi kwenye mfereji anateka maji. Akicheka, mashavu yanabonyea, nami nasahau nilichokuwa nasema. Nikamwambia debe liko tayari. Habari za shira sikumwambia. Mwanamke hatakiwi kubebeshwa kila kitu kabla ya ndoa.

Akaniuliza kama habari za ushanga ninazo. Sina, nikasema. Akatua ndoo chini. Nilipoona ametua ndoo nikajua si jambo dogo.

Kumbe asali yote ya ukoo hupokewa na shangazi yake, Shangazi Eunike, dada mkubwa wa Mzee Loishiye. Huchota asali debeni na kujaza glasi yake ya chai. Kisha huvua shingoni ushanga mmoja wa kioo, wa bluu, mkubwa sawa na punje ya harage, huutumbukiza, na hapo hapo huanza Baba Yetu. Hakimbii, hakokoti. Ushanga ukigonga chini kabla ya Amina, asali ina maji, na mwenye posa anabeba debe lake na kuondoka. Ushanga ule ule, glasi ile ile, sala ile ile, miaka ishirini. Mchumba wa kwanza wa dada yake Anyesi, kijana wa Monduli, ushanga wake ulifika chini kwenye riziki. Alirudi Monduli kwa miguu na debe kichwani. Hata maji ya kunywa hakupewa.

Na kuna Lemburis! Karani wa chama cha kahawa, mwenye tai na baiskeli yenye kengele. Jumapili iliyopita alimletea Shangazi kibuyu cha asali, eti zawadi tu. Ikapimwa. Shangazi alifika Amina, akakohoa, akaanza na wimbo wa sadaka, ushanga bado uko njiani. Anyesi anasema baba yake ameshatamka: mimi nikishindwa, hatatafuta mbali.

Nimerudi Kaloleni nikisali Baba Yetu njia nzima ili kujua urefu wake. Ni ndefu sana. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo.

Alhamisi, 8 Julai

Ushanga sina, lakini gereji imejaa gololi za chuma. Nimechukua moja ya ukubwa wa harage, nikatia asali yangu kwenye glasi, nikadondosha. Baba yetu uli— Tak! Imefika chini.

Nikarudia. Tak. Nikarudia kwa imani zaidi. Tak.

Sikuweza kushika spana. Jabiri akaniuliza nina nini. Jabiri ni fundi mkuu, mtu wa Pangani, anayejua mafuta ya injini kuliko anavyojua majina ya wanawe. Yeye naye hupima hivyo hivyo: hutia mafuta kwenye chupa ndefu, hudondosha gololi, hupiga mguu chini kuhesabu, kisha humwambia Mgiriki mwenye lori kwamba mafuta yake yamechoka. Nikamweleza yote, na shira pia. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

Kisha akanipa elimu. Kosa ni gololi. Akasema: "Chuma kina haraka. Kioo kina adabu." Kitu kizito kwa umbo lake hukimbia, chepesi hukawia. Kikubwa hukimbia, kidogo hukawia. Tena mafuta ya saa saba mchana si mafuta ya alfajiri: yakipata joto yanalegea, yakipoa yanakaza. Ukitaka kitu kichelewe kufika, poza njia.

Nimenunua sokoni ushanga wa kioo wa bluu, saizi ya harage. Nimepima. Nimefika kwenye riziki. Pale pale pa yule wa Monduli! Lakini moyo umetulia. Kutoka mwanzo mpaka riziki nimeshapata nusu ya sala kwa kubadilisha gololi tu, na debe sijaligusa. Iliyobaki ni nusu.

Jumamosi, 10 Julai

Mpango wa glasi. Naona haya kwa jinsi ulivyo mzuri. Kama njia ni ndefu, msafiri atachelewa. Yule Mgiriki alisahau kwenye lori lake glasi ndefu ya bia, ndefu mara mbili ya ile ya chai. Nimeiosha, nimeifunga kwenye karatasi, nimempelekea Shangazi Eunike kama zawadi ya mkwe mwema. Shikamoo Shangazi, marahaba mwanangu. Akaifungua. Akaitazama juu, akaitazama chini, kisha akanitazama mimi. Akasema ni glasi nzuri sana. Atakuwa anaitumia!

Lemburis alikuwa amekaa pale anakunywa chai, amekunja nne. Akaniuliza kama asali yangu ni ya Kisongo au ya mjini. Nikamwambia nyuki hawana vitambulisho. Nadhani nilimshinda.

Jumanne, 13 Julai

Asubuhi nimepita Sakina kwa kisingizio cha kusalimia. Glasi ndefu anaitumia kweli. Ametia vijiko vyote vya nyumba.

Sawa. Tupoze njia basi. Julai hii maji ya Themi yanashuka kutoka Meru yakiwa na baridi ya kung'oa meno. Mchana nimeziba mfuniko wa debe kwa nta ya mshumaa, nikalizamisha mtoni, nikalifunga kamba kwenye jiwe, nikarudi gereji. Jioni nikaenda kulitoa. Jiwe lipo. Kamba ipo. Debe halipo!

Nimekimbia kufuata mto nikiita, sijui nilikuwa naita nini, maana debe halina jina. Nikalikuta chini zaidi, kwa mama mmoja anayefua, Zamda, amelikalia. Alisema lilimjia lenyewe. Akataka bakuli la asali kwa kuliokoa. Nikatoa. Akaonja, akasema wanawe ni wengi. Nikatoa la pili.

Lakini nta haikuingiza maji, na asali ilikuwa baridi mpaka kijiko kinasimama. Nikapima pale pale kando ya mto. Amina ilipita, nikaanza tena, nikafika mbinguni mara ya pili, ndipo ushanga ukagusa chini! Nilimkumbatia Zamda. Akataka bakuli la tatu.

Nimejaza upungufu kwa shira kidogo. Sufuria mbili.

Alhamisi, 15 Julai

Debe linapumua. Nimelala sikio langu likiwa karibu nalo na nimelisikia likisema fsss. Mfuniko umevimba katikati. Jabiri anasema nyuki hawatii maji kwenye asali kwa sababu wanazo akili, na asali yenye maji hugeuka. Nikamuuliza hugeuka kuwa nini. Aliendelea kukaza nati akitabasamu.

Nimefunga mfuniko kwa waya.

Mjomba mguu unamsumbua, hataweza kuja Jumapili. Jabiri amekubali kusimama upande wangu. Nimemwomba jambo moja tu: tukifika, mambo yaende haraka. Tunasalimia, tunapima, tunakula. Debe litoke kwenye maji baridi liende moja kwa moja kwenye glasi. Akaapa hatasema hata neno moja.

Jumapili, 18 Julai

Nitaanza mwanzo.

Jana jioni tulilipeleka debe kwa mkokoteni mpaka Sakina, tukalizamisha kwenye mfereji wenye kivuli, hatua mia mbili kutoka kwa Mzee. Kamba mbili safari hii. Leo saa sita walipotoka kanisani tukalitoa likiwa na barafu moyoni, tukalivika magunia mabichi, tukaingia uani kwa nderemo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Anyesi alikuwa mlangoni na gauni la kanisani. Shangazi Eunike alikuwa ameshakaa na glasi yake ya chai mapajani. Nikasema tupime! Mzee Loishiye akasema mwanangu, kwanza watu wasalimiwe.

Akasalimia yeye. Dakika kumi na tano. Akasimama mzee wa kanisa, akaanza na babu wa Mzee Loishiye na kuja taratibu mpaka kwenye mwaka huu. Nikalitazama debe. Halikuwepo nilipoliacha! Lemburis, aliyekuja kama jirani, alikuwa amelibeba kwa huruma na kuliweka jikoni kando ya mafiga, magunia amevua. Akaniambia kwa upole kwamba Julai hii baridi ni kali, asali isije ikaganda bure.

Nikasimama kulitoa. Nikaambiwa nikae, mzee anaongea.

Mzee wa kanisa alipomaliza nikapumua. Ndipo Mzee Loishiye akauliza kama upande wa kijana una neno. Nikasema hauna. Jabiri alikuwa ameshasimama. Kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa, uso umeng'aa. Mtu wa Pangani akiombwa neno mbele za watu! Akashukuru mlima. Akashukuru migomba. Akashukuru kila aliyepika na kila aliyeteka maji ya kupikia. Kwa Kiswahili ambacho wengi pale hatukijui ila kwa kukisikia redioni. Watu wakapiga makofi, akaanza upya. Nilimvuta kanzu mara tatu. Alidhani namtia moyo.

Saa nane debe likaletwa. La moto. Nimeligusa, namaanisha la moto. Mzee alipokata waya, mfuniko uliruka wenyewe na povu likachungulia. Shangazi akachota, akajaza glasi, akavua ushanga.

Akautumbukiza. Akaanza: "Baba yetu..."

Nikauona. Haukuwa unazama, ulikuwa unashuka ngazi. Shangazi hajafika kwenye jina, ushanga umeshapita robo! Sikufikiri. Nasema kweli, kichwa hakikushiriki. Nilisikia sauti inaomba mbio, maneno yanakanyagana, nikagundua ni yangu. Nilimpita Shangazi kwenye ufalme. Mzee wa kanisa alinitazama nikiwa kwenye mapenzi, mimi huyo kwenye riziki, pumzi zinaniishia, ushanga uko theluthi ya mwisho, nimekwama, ulimi umejifunga!

Na hapo sauti ya pili ikadaka. Ya kike, nyepesi, mbio kuliko yangu. Anyesi. Amefumba macho, amekunja ngumi, anaomba kama mtu anayekimbiza mbuzi shambani. Tukasamehe makosa pamoja, tukakwepa majaribu pamoja, tukafika Amina kwa sauti moja. Tik! Ushanga ukagonga chini.

Sijui nieleze vipi. Nilitaka kucheka na kulia. Sikuwa nimejua kwamba ananitaka kiasi hicho. Nilidhani ni mimi tu.

Shangazi Eunike akaendelea na yake, taratibu, neno kwa neno, mpaka Amina yake. Muda ule wote tulikuwa tunautazama ushanga umelala chini. Kisha akachovya kidole, akalamba, akampa Mzee Loishiye kijiko. Mzee akaonja. Hajaonja pombe tangu ubatizo. Akafumba macho. Akasema hana hakika, apewe kijiko kingine. Alipoomba cha tatu dada yake akaondoa glasi.

Lemburis akakohoa na kunyoosha tai. Shangazi akamwambia anywe chai yake.

Kisha akanigeukia mimi. "Nilijua tangu uliponiletea ile glasi ndefu," akasema. "Asali yako ni ya uongo. Lakini miaka ishirini napima, sijaona msichana akimwombea mtu mbio namna hii. Utaleta debe lingine. Wiki tano."

Akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akaufuta ushanga wake kwa kanga, akauweka kiganjani mwangu, akafunga vidole vyangu kimoja kimoja. "Nenda nao. Ujipime mwenyewe kabla ya kuja."

Wakati wa kuondoka Anyesi alinisindikiza mpaka kwenye uzio. Hakucheka. Akasema: "Nimekuombea mara moja, Lerionka. Mara ya pili nitanyamaza."

Nimeapa. Mbele yake, mbele ya mlima wote. Sitagusa sukari tena, hata ya chai.

Jumatatu, 19 Julai

Mtu mpya kabisa. Nimekunywa chai bila sukari. Chungu, lakini roho imetakata. Ushanga wa Shangazi nimeuvaa shingoni. Jabiri bado ananuna kwa sababu hakumaliza hotuba yake. Ilikuwa imebaki sehemu ya mvua. Lile debe nimempa Zamda. Nasikia wanaume wa mtaa wake wamekuwa wachangamfu sana.

Jumamosi, 14 Agosti 1954

Mjomba amenipa debe lingine! Alinisema sana, kisha akanipa. Limejaa, asali safi, sijalamba hata mfuniko. Linatakiwa Sakina Jumapili ya tarehe ishirini na mbili. Jioni hii nimelipima kama nilivyoagizwa. Asali kwenye glasi ya chai, ushanga wenyewe wa Shangazi, Baba Yetu ya taratibu, ya mtu aliyebadilika. Amina. Ushanga haujafika hata katikati! Nikaomba tena. Ulitua baada ya Amina ya pili, bila kutoa sauti. Machozi yalinitoka. Hivi ndivyo ukweli ulivyo mzito.

Nikakaa nikiutazama ushanga pale chini, ndipo nikaona jambo ambalo hakuna mtu amelifikiria kwa miaka ishirini. Shangazi anadai Amina moja. Debe langu lina Amina mbili. Amina moja nzima ni ya ziada, imekaa humo ndani haimsaidii mtu yeyote, wakati mkate upo mezani.

Huu si udanganyifu. Udanganyifu ni kubahatisha. Safari ile nilibahatisha, nikaumbuka. Safari hii ninao ushanga wenyewe, kwa hiyo siwezi kukosea: natoa asali kijiko kwa kijiko, narudishia shira kijiko kwa kijiko, napima kila mara, mpaka ushanga utue sawasawa na Amina, wala si nukta moja kabla. Shangazi alisema nijipime mwenyewe. Najipima. Anyesi hatalazimika hata kufungua mdomo.

Nitachukua nusu ya kile cha ziada tu. Au theluthi mbili, maana wiki ijayo hakutakuwa na jua la kulegeza asali.

Kipande cha nne cha mkate. Sukari inayeyuka vizuri.